Maua ya Kudonoa

Daftari langu la maneno lilikuwa na jalada la bluu, na nilikuwa nalificha chini ya godoro kama mtu aliyeiba. Hata leo sijui kwa nini nililificha. Lilikuwa na maneno ya sindano tu. Kushoto niliandika neno la kambi ya wakimbizi, kulia neno la Magarama, mtaa nilikokwenda kushona, na katikati mstari niliouchora kwa ukingo wa kiberiti. Nilisoma mpaka darasa la sita, upande wa Tanzania, kwa hiyo nisamehewe nitakapokosea. Nitajaribu kusema mambo kama yalivyokuwa, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Tulirudi mimi, mama na wadogo zangu wawili, vita ilipokwisha. Tulifikia Mwakiro, kwenye shamba la marehemu baba. Baba mdogo alitupokea, akatukatia upande wetu bila maneno mengi. Naliandika hilo makusudi, kwa sababu mtu akisikia habari za waliorudi anangoja kusikia ugomvi wa shamba. Kwetu haukuwepo. Hofu ndiyo ilikuwepo. Mama alikuja nayo kama alivyokuja na sufuria zake. Alitufundisha kuongea kidogo sokoni, na tukiulizwa tulikuwa wapi, tujibu tulikuwa kwa ndugu. Hakuna mtu aliyetufanyia ubaya, lazima niseme. Lakini nikipita mahali na watu wawili wakanyamaza, nilikuwa naongeza mwendo mpaka nifike nyumbani.

Mwaka wa pili, mama mmoja muuza vitambaa wa soko la Muyinga aliona foronya niliyoidarizi. Akasema yuko mwanamke Gitega, mtaa wa Magarama, anatafuta mikono. Akaniuliza kama najua kazi hiyo kweli. Nikasema najua. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu nyingine nilikuwa siijui kama ipo.

Mwanamke yule tulimwita Shangazi, wote, hata wasiokuwa ndugu zake. Ilikuwa nyumba ya Waislamu. Mume ana duka dogo la sabuni na mafuta mbele, na sisi tunakaa chumba cha pembeni chenye mlango unaotazama barabara, kwa ajili ya mwanga. Tulikuwa wasichana watano, pamoja na binti yake mkubwa, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Tulishona kofia za wanaume kabla ya Idi, vitambaa vya meza ambavyo wao waliviita napo, na mashuka ya maharusi.

Siku ya kwanza tu nilikosea. Shangazi alikuwa ananipa sindano, nami nikakinga kiganja. Akarudisha mkono wake. Akaichomeka kwenye kitambaa kilichokuwa magotini pangu, akaniambia niichomoe mwenyewe. Katika nyumba ile sindano haipokelewi mkono kwa mkono, wanasema inaleta ugomvi. Wasichana walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi sikuinua macho mpaka jioni. Nilijiambia: wameshajua.

Wamejua nini? Kwamba nimetoka kambini. Lakini walijua tangu mwanzo. Kiswahili changu kilikuwa kimenisema kabla sijakaa. Binti wa Shangazi aliniita Mtanzania toka saa ya kwanza, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na jina la kila mtu. Kilichokuwa kinaniogopesha ni kitu kingine, nacho nilikijua vizuri. Kabla sijaondoka Mwakiro, mama alinishika bega akasema, "Ukiharibu huko, hawatasema fulani ameharibu. Watasema wale waliorudi." Kwa hiyo kila mshono wangu niliuona umebeba watu wengi, na wadogo zangu wamo, na msichana mwingine yeyote wa kambini atakayekuja kugonga mlango ule baada yangu.

Ndiyo nikaanza daftari. Niliona kama nikijua maneno yao yote, sitakamatwa.

Kambini mshono wa kwenda mbele mmoja mmoja tuliuita foleni. Magarama waliuita bandi. Pembe tatu zinazofuatana pembezoni sisi tuliita mahema; wao waliita meno. Uzi wa urefu wa mkono mmoja kambini uliitwa mgao, na ukiumaliza umeumaliza. Magarama haukuwa na jina, kwa sababu uzi ulikuwa kwenye kikapu na mtu alikata anavyotaka. Misalaba waliita puwe ya musalaba. Na kufumua, yaani kuchomoa uzi uliokosea mpaka pale ulipoanzia, waliita kurapatriye. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo, ambalo kwa Kifaransa ndilo la kurudisha wakimbizi kwao, nilijichoma kidole. Binti wa Shangazi alikuwa anamuuliza mwenzangu, "Leo umeshakurapatriye mara ngapi?" Sijui kama walikuwa nalo kabla yangu au walilitunga nilipofika. Sikuuliza. Nililiandika tu.

Mwezi wa Ramadhani ulinikuta huko. Kila mtu alilowesha ncha ya uzi kwenye kisahani cha maji. Mimi, kwa mazoea, niliutia mdomoni. Binti wa Shangazi akatangaza chumba kizima kwamba Mtanzania amefuturu uzi saa nne ya asubuhi. Hata Shangazi alicheka. Na mimi nilicheka, nafikiri ndiyo mara ya kwanza.

Baada ya Idi, Shangazi alinipa kazi kubwa. Mama mmoja wa Gashoho, kule kwetu Muyinga, alikuwa anaoza binti. Katika vitu ambavyo binti anabeba kwenda kwa mumewe, ambavyo watu wa huku wanaviita ibirongoranwa, alitaka shuka moja lenye maua arobaini mekundu na majani ya kijani. Aliomba pia litiwe bitana chini, kwa ajili ya baridi ya kule. Shangazi aliniambia mkono wangu ni mwepesi, nilistahili. Siku mbili baadaye akaondoka kwenda Bujumbura kumuuguza dada yake, akamwachia binti yake kazi.

Hapa inabidi nieleze kudonoa.

Kambini nyuzi tulizitoa kwenye midomo ya magunia ya unga na kwenye sweta zilizokufa. Ukitaka kujaza petali ya ua, unavusha uzi juu yake kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu hupitishi sindano chini ya petali nzima kurudi ulikotoka, maana huo uzi wa chini hauonekani na ni hasara. Unadonoa punje ndogo ya kitambaa palepale ukingoni, kama kuku, na unarudi kwa juu. Mbele petali imejaa kabisa. Nyuma kuna vinukta tu. Kina mama waliotufundisha walisifu mtoto ambaye kazi yake ilikuwa safi nyuma. Sikujua kuwa ipo njia nyingine. Kazi zangu za kwanza Magarama zilikuwa misalaba na vitobo vya kofia, ambavyo havina kudonoa, kwa hiyo Shangazi alikuwa amezigeuza akaziona sawa.

Nilidonoa maua yale kwa raha. Kusema kweli nilijivunia. Nilimaliza ua kwa muda ambao wenzangu walifika nusu, na mafungu ya uzi mwekundu yalikuwa yanabaki. Niliyapanga kwenye kikapu changu, nikawaza Shangazi akirudi nitamwonyesha nilivyobana.

Nilikuwa kwenye ua la thelathini na nane nilipomsikia binti wa Shangazi akimgombeza msichana aliyekaa kulia kwangu.

"Shibisha, we. Hii maua yako iko na njaa."

Shibisha sikuwa nalo kwenye daftari. Nikauliza kwa mzaha, kama mtu anayejua, ua linashibaje. Binti wa Shangazi akachukua kitambaa cha yule msichana, akakigeuza. Nyuma ilikuwa nyekundu kama mbele.

"Hivi," akasema. "Mbele iko ya kuangaliwa. Nyuma njo inashika siku ya kufua. Mama hakukuambia?"

Nikasema aliniambia.

Nilijifanya nimeangusha sindano, nikainama, nikainua ukingo wa shuka langu. Vinukta. Maua thelathini na saba na nusu, na nyuma yake kitambaa cheupe chenye vinukta vyekundu, kama kimepigwa na surua. Nilifikiria lile shuka linafuliwa kwa mikono, linasuguliwa, linakamuliwa, na nyuzi zinaanza kutoka moja moja mbele ya wakwe.

Ningeweza kusema palepale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Binti wa Shangazi angepiga kelele, ndiyo, lakini kelele zake zilikuwa zinaisha kabla ya chai. Nilimsikia mama yangu akisema "wale waliorudi", na mikono ikaendelea. Nilimaliza lile la nusu na mawili yaliyobaki, nayo kwa kudonoa, kwa sababu niliogopa mtu akigeuza aone mawili tofauti na mengine. Kesho yake, kabla ya adhana ya adhuhuri, nilikuwa nimeshashona bitana pande zote nne. Binti wa Shangazi aliona, akasema Mtanzania leo ana haraka ya harusi kuliko bibi harusi. Uzi uliobaki niliufunika na vipande vya vitambaa chini ya kikapu.

Shangazi alirudi baada ya wiki. Alitandaza shuka, akaliangalia mbele kwa muda mrefu, akapapasa bitana. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika ukuta. Kisha akasema ni kazi nzuri, na kwa kuwa mimi ni wa upande ule, nilipeleke mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu kufika harusi.

Njia ya kwenda Muyinga siikumbuki. Nakumbuka shuka magotini, limefungwa kwenye karatasi, na mimi nalishika kama mtoto mwenye homa. Kutoka mjini Muyinga nilipanda baiskeli ya abiria mpaka Gashoho.

Mama wa bibi harusi alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, mwenye mikono mikubwa. Aliponikaribisha nilishtuka: Kiswahili chake kilikuwa kama changu. Alilifungua shuka uani, akaita binti yake, wakalisifu. Kisha akaona mistari ya bluu, ile ya karatasi tunayochorea maua, inachungulia pembeni mwa petali. Akasema haifai wakwe waione, italazimu lifuliwe leo, jua ni zuri. Akamtuma binti alete beseni.

Nilitazama maji yakimiminwa. Alichukua sabuni. Alishika kona moja ya shuka, akaanza kuizamisha.

"Mama," nikasema, "naomba usilifue kwanza."

"Kwa nini, mwanangu? Rangi inatoka?"

"Rangi haitoki. Maua ndiyo yatatoka."

Alikausha mikono kwenye kitenge chake. Akaingiza ukucha chini ya petali moja, akaiinua kama mfuniko. Uso wake ukabadilika, lakini si nilivyotegemea.

"Ya kudonoa hii," akasema. Neno lilelile. "Ulikuwa kambi gani?"

Tangu turudi, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo na mimi nikajibu kweli. Akatikisa kichwa. Yeye alikuwa kambi nyingine, mbali na yetu, na huko pia walidonoa. Nilidhani sasa tumekuwa ndugu, atanisamehe, tutatafuta namna. Hakufanya hivyo, na mpaka leo naona alikuwa na haki.

"Mimi nilidonoa kwa sababu uzi haukuwepo," alisema taratibu. "Wewe uzi ulikuwa nao."

Alilikunja shuka, akalirudisha kwenye karatasi yake. Hakupandisha sauti. Alisema hatamtumia Shangazi habari yoyote, nitamwambia mwenyewe. Kisha akanipa uji, na akakaa nami mpaka niumalize.

Nililala Mwakiro kwa mama bila kumwambia kitu, kesho yake nikarudi Gitega. Njiani niliwaza kushuka Karuzi na kupotea. Nilifikiria kabisa: ningeuacha mzigo kwenye kiti. Sikushuka. Sisemi nilikuwa jasiri. Nafikiri niliogopa kukaa mji nisioujua kuliko nilivyomwogopa Shangazi.

Nilipoingia na karatasi ileile mkononi, wote waliacha sindano. Nikasema mbele ya wote, kwa sababu kama ningeomba kusema faraghani ningebadilisha maneno. Shangazi aliniambia nifumue bitana. Nilifumua upande mmoja, akaligeuza. Akapitisha kiganja juu ya vile vinukta, kutoka kona hadi kona.

"Nani alikufundisha hii?"

"Kambini, Shangazi. Uzi ulikuwa mdogo."

"Na bitana, nani alikufundisha?"

Hapo sikuwa na kambi ya kuisingizia. Nilisema hiyo niliifanya mwenyewe.

"Bon," akasema. "Ile ya kwanza, mi siwezi kukugombeza. Mutu anashona venye alifundishwa. Ya pili iko yako." Alivuta kikapu changu, akachimbua mpaka chini, akatoa mafungu ya uzi mwekundu. Akayaweka juu ya shuka. "Fumua yote. Kama utabaki hapa ao hutabaki, tutaona shuka ikisha kukauka."

Siku zilikuwa zimebaki kumi na moja, na mbili za mwisho ni za safari. Maua arobaini ya kushibisha, kwa mkono mmoja, hayawezekani. Hata mimi nilijua. Nilikaa mlangoni, nikaanza. Baada ya muda kidogo binti wa Shangazi alivuta kigoda chake, akakaa upande wa pili wa shuka, akatia uzi kwenye sindano.

"Alo," akasema, "turapatriye."

Hakuna aliyecheka. Siku mbili nzima hakuniambia neno jingine. Siku ya tatu, bila kuinua macho, alisema mama yake alimwachia kazi ya kugeuza vitambaa na yeye hakugeuza. Nilimwambia kosa halikuwa lake. Akasema, "Najua, lakini sikugeuza." Tukaendelea. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu mdomo wake nimeusema sana hapa.

Nilijifunza kushibisha katika siku zile tisa. Uzi wa chini, ule nilioufikiri hasara, unavuta kitambaa na ua linakaa kama limeota. Shingo iliuma, vidole vilipasuka. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani ni mtu wa Gashoho amekuja kudai. Usiku sikuandika kitu kwenye daftari. Tulifika maua thelathini na sita, siku zikaisha.

Shangazi alikwenda mwenyewe, na mimi nyuma yake na mzigo. Yale manne yaliyobaki ya kudonoa yalikuwa upande wa miguuni, nilikuwa nimeyaacha hapo makusudi. Tulipofika uani kwa yule mama wa Gashoho, Shangazi hakungoja kuulizwa. Alitandaza shuka likiwa limegeuzwa, mgongo juu, bila bitana, akaweka kidole kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Hizi hatukufikia," akasema. "Ingine yote iko sawa. Bitana tutaitia ukisha kufua."

Yule mama alipiga magoti, akaangalia. Aliangalia mgongo wa lile shuka kama mtu anayesoma barua. Mwishowe akagusa yale manne.

"Miguu haina macho," akasema.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikuweza kucheka. Beseni lilikuwa limeshaletwa.

Alilifua mwenyewe, na hakulihurumia. Alisugua mistari ya bluu kwa ngumi, akasuuza mara mbili, akalikamua, akalitandaza juu ya majani nyuma ya nyumba. Wao wawili walikaa kivulini wakaongea habari za bei ya maharage na za mabinti wanaoolewa mbali. Mimi nilikaa jua kali, karibu na miguu ya shuka, nikalitazama likikauka. Nilikuwa naogopa kuligusa.

Lilipokauka nilisogea. Yale thelathini na sita yalikuwa yamekaa. Katika yale manne, matatu yalikuwa yameshika, sijui kwa bahati gani. La nne, petali moja ilikuwa imetoa uzi, kitanzi kirefu kama kidole, kimesimama juu ya majani. Nilifikiria kukifunika na kiganja. Nakiri nilifikiria. Kisha nikaita, "Shangazi, moja imetoka."

Alikuja, akainama juu yangu, akaangalia. Alitoa sindano kwenye ukingo wa mtandio wake, pale anapoiweka siku zote, tayari ina uzi mwekundu. Sikukinga mkono. Aliichomeka kwenye kitambaa, mbele ya magoti yangu.

"Shibisha," akasema, akarudi kivulini.

Niliishibisha palepale, na petali nyingine tatu za ua lile pia, mpaka jua likaanza kushuka. Nilipomaliza, na bitana ikisha kutiwa, niliichomeka sindano kwenye ukingo wa karatasi, nikamsogezea Shangazi aichomoe. Hakuichomoa. Alikunja karatasi, sindano ikiwa ndani, akaniwekea kwenye mzigo wangu, akasema tuwahi basi la asubuhi, kazi zako za Magarama zimelala.